Siku Nne Juu ya Ziwa, Zote Ndani ya Kabini

Tantine Léa mpendwa,

Nakusalimia weye na wote wa redio, minye ni mama wa miaka makumi tano na tatu, nakaa Songo hapa Uvira, nauzisha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ku soko, na nakuandikia na haya mingi, ndiyo maana nakuomba unisaidie lakini jina langu usome tu Mama Ciza, ijapokuwa mwenye kunijua atanijua.

Tantine, mwaka huu minye na bwana yangu Rémy tumetimiza miaka makumi tatu ya ndoa, watoto wetu wakafanya kikao, Ciza wa kwanza na wadogo zake, wakasema baba na mama hawajawahi kupumzika hata siku moja, wakatukatia biye mbili, ndiyo tiketi, za meli ya matembezi, wenyewe wanaita kruwazieri, kutoka Kalundu mpaka Kalemie na kurudi, siku nne, kula na kulala mule mule. Ciza akaniambia ku telefone: «Mama, kazi yenu iko moja tu, kufurahi.» Sasa Tantine, ile kazi hakuna aliyenifundisha.

Sikuamini kwamba muntu anaweza kulishwa siku nne bila yeye mwenyewe kukamata mwiko, kwa hiyo nilikaanga kuku tatu, nikafunga unga wa muhogo, mawese, chumvi, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa, bido mbili za maji, na mbabula yangu ya kupikia pamoja na gunia la makaa, juu nilijua bugali ya watu wengine haiivi vizuri. Ku port mukubwa mumoja wa meli akaangalia ile mizigo, akaniangalia minye, akauliza na heshima yote: «Mama, munatembea ao munahama?» Watu wote wa mustari wakacheka. Mbabula na makaa vikabaki Kalundu, na minye nikapanda meli hasira iko tayari.

Kabini yetu ilikuwa namba saba, vitanda viwili na kadirisha ka muviringo. Nikaona wazi kwamba lazima muntu mumoja abaki kulinda vitu, na huyo muntu ni minye. Siku ya kwanza bwana yangu alibaki na minye, amekaa ku ncha ya kitanda, kofia mukononi. Inafaa umujue Rémy, Tantine. Alifundisha shule ya primaire miaka mingi, sasa amepumzika kazi, na nyumbani yeye ni muntu wa «mmh». Nikisema ndagala zimepotea ku ziwa, mmh. Nikisema mutoto amefaulu, mmh. Nilizoea, nilijisemea Mungu alinipa bwana mupole. Kengele ya chakula ikalia, nikamuambia ile ni ya matajiri, tukakula kuku yetu mu kabini. Asubuhi ikalia tena, akasimama. «Ninaenda kunyoosha miguu,» akasema. Miguu ikanyooka mpaka saa ya mangaribi.

Kesho yake, mchana, tumekwisha kukaribia Kalemie, nikasikia juu ya kichwa changu kicheko, si cha muntu mumoja, cha watu wengi, kinapanda kinashuka, wengine wanapiga miguu chini. Akaingia Irankunda, ule mama wa kutandika vitanda. Nikamuuliza: «Nani iko nachekesha watu vile?»

«Si bwana yako, Mama? Tangu jana watu wa juu hawataki kushuka. Hata komanda wa meli alisahau chai yake ikapoa.»

Nikamuambia amekosea muntu. Akanijibu: «Muzee wa kabini saba, ule wa kofia. Mama, weye una bahati, nyumbani kwenu munacheka kila siku!»

Tantine, nilifunga kabini, nikafunga ufunguo ku pembe ya kikwembe nilichovaa, nikapanda ngazi. Nikifika karibu na mwisho, nikasikia sauti ya Rémy, lakini ilikuwa sauti ya muntu mwingine, inaenda, inasimama, inaiga watu. Alikuwa anasimulia siku alipokuja kwetu Sange kunichumbia, vile aliazima suruali nyeupe na kinga, ndiyo baiskeli, vile kinga ilimuangusha mu mufereji wa mupunga, vile alifika mbele ya baba yangu na matope mpaka kifuani, na baba mukubwa wake aliyemusindikiza ulimi umekauka. Watu wanalia kwa kucheka. Halafu akasema: «Mara Pétronille anatoka mu nyumba. Anatuangalia. Na palepale anadanganya baba yake muzazi, bila kupepesa jicho!»

Hapo damu ikanipanda. Jina langu, tena mwongo, mbele ya watu wasionijua, na wale watu wanafurahia. Nikatokea: «Muzee muzima! Umeniacha chini nalinda vitu vyako, kumbe uko hapa unaniuzisha kwa wapita njia?» Kicheko kikakatika. Mama mumoja akaangalia viatu vyake. Rémy alivaa kofia, akanifuata ku ngazi, na alipofika mulangoni akasema kidogo tu: «Ilikuwa imebaki sehemu ndogo.»

Tangu pale hakutoka tena. Meli ilifika Kalemie, watu wakashuka kutembea, sisi tulibaki. Watu walibisha hodi kumuita Mwalimu, minye nikajibu kwamba amelala, na yeye alikuwa amekaa pale ananiangalia. Kuku ya tatu iliharibika, tukaitupa mu ziwa kupitia kale kadirisha. Ndiyo kruwazieri yangu.

Lakini shida bado, Tantine. Tulipofika nyumbani, watoto waliuliza, nikasema ilikuwa paradizo. Wamama wa kwaya yetu wakauliza, nikaongeza. Nikawasimulia Kalemie ambayo niliona kupitia tundu, nikawaambia vile tulikula mezani na komanda, mpaka wamenichagua nifundishe mabwana na mabibi nane ambao wanajitayarisha kupanda ile meli, vile muntu anapaswa kufanya ili kufaidi safari ya kwanza. Nimekwisha kufundisha mara moja. Rémy alikuwa amekaa nyuma, anasikiliza. Walipomuomba aongeze neno, akasema: «Mama yenu amesema yote.»

Halafu Siku ya Pili ya juma lililopita, ku soko, alikuja mama mumoja wa Sange, Josée, kununua ndagala, akanikazia macho: «Si weye ni bibi ya Mwalimu wa meli?» Nikataka kuingia chini ya meza. Akasema: «Ulitukatia utamu, lakini bwana yako nilimufuata ku ngazi, alinipa mwisho mbele ya mulango wenu weye ukiwa umeingia.» Na akaniambia. Kumbe Rémy alikuwa anataka kusema vile nilimuambia baba: «Baba, huyu ndiye ule mwalimu, anatoka kuangalia kama mupunga wetu una maji.» Baba akafurahi, akasema huyu kijana anajua mashamba, akampa kiti. Ni kweli, nilisema vile, nilikuwa nimesahau. Na Rémy alikuwa anamalizia hivi: «Nilikuwa nimejifunza hotuba yangu mwezi muzima. Yeye aliniokoa na neno moja. Tangu ile siku nikamuachia kusema, juu anasema vizuri kuliko minye, na minye ninapenda kumusikia.»

Tantine Léa, miaka makumi tatu nilifikiri ananichoka. Nimejaribu kumuuliza kama ana kinyongo, akasema mmh. Jumapili ijayo nafundisha wale watu tena. Niseme ukweli nichekwe na kwaya nzima, ao niendelee vile nilianza? Na bwana yangu nimurudishie vipi ile sehemu ndogo niliyomukata? Nisaidie, silali.

Ni minye Mama Ciza, Songo.

*

Mama Ciza, dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi wa mitambo akanigongea kioo. Mara ya pili nilikamata kalamu.

Tuanze na aibu ndogo. Watoto wako walikupa ziwa zima, weye ukachagua ukuta. Walikuwekea meza, ukala kuku ya juzi. Ulitaka kuwasha makaa ndani ya meli yenye mafuta tumboni, halafu ukamkasirikia mtu aliyekuokoa usiwaunguze watu wote. Na niambie, ule unga ulikuwa unaulinda na nani? Nani angepanda meli ya matembezi ili aibe sombe?

Lakini sitakupiga kupita kiasi, juu huu ugonjwa ninaujua. Mama ambaye amebeba beseni kichwani tangu usichana, ukimwambia aweke mikono chini, mikono inamwuma. Furaha ya bure anaiona ni mtego. Si dhambi, mama. Ni mazoea tu, na mazoea yanaweza kuachwa. Ubaya ni kwamba ulilinda kitu ambacho hakuna aliyekitaka, na kile cha thamani ukakiacha juu peke yake, kimevaa kofia.

Halafu ukapanda ngazi ukasikia nusu ya neno. Nusu! Ungekaa kimya muda wa kumeza mate tu, ungesikia bwana wako akikusifu mbele ya komanda, kitu ambacho wanawake wengi wanaoniandikia hapa hawatakisikia mpaka siku ya maziko yao, na hapo watakuwa hawasikii. Sikia neno mpaka mwisho ndipo ukasirike. Hasira haichachi, ingekungoja.

Sasa, usigeuke ukamfanya Rémy malaika. Mwalimu, kama unasikiliza, na ninajua unasikiliza kwa sababu mama huyu redio yake haizimi, ninasema na weye pia. Umewapa watu wa meli kwa siku mbili kile ulichomnyima bibi yako miaka thelathini. Unapenda kumsikia? Sawa. Yeye angejuaje? Sifa ya mke ikifikia watu wa Sange kabla ya kumfikia mwenyewe, hiyo imepotea njia. Ilibidi mteja aje kununua ndagala ndipo mama ajue kwamba anapendwa. Mtu aliyesomesha watoto wote wale kusema «asante» na «samahani» hawezi kudai kwamba hana maneno.

Mama Ciza, sasa fanya hivi.

Kwanza watoto. Wapigie leo, kabla ya Josée kukutana nao. Waambie: zawadi yenu ilikuwa nzuri, minye sikujua kuitumia. Watacheka, watakusamehe, hawakukuzaa weye, weye uliwazaa.

Jumapili, simama mbele ya wale mabwana na mabibi nane ukaseme kwamba siku zote ulikuwa kabini namba saba. Usizunguke. Tena usiseme kwa kulia, sema wazi, maana hakuna mtu Uvira nzima anayejua kuliko weye namna ya kuharibu safari ya meli, na aliyepotea njia ndiye anayejua mashimo yake yako wapi. Waambie jiko libaki nyumbani. Waambie kengele ikilia inawaita wao, waende, wakae, wapakuliwe, na wasifiche mayai ndani ya kikwembe. Meli ikitia nanga washuke wakanyage ile nchi na miguu yao, maana Kalemie ya dirishani ni uongo. Mchana wapande juu, wakae karibu na watu wasiowajua, wawasalimie kwanza. Na mke asimwachie bwana wake wageni peke yao, aende naye akaone ni mtu gani aliyemwoa. Hilo la mwisho lirudie mara mbili.

Kwaya itacheka. Iache icheke. Wakitoka hapo watakuamini kuliko walivyokuamini juzi.

Ukimaliza, mwite Rémy mbele, umwombe asimulie siku ya mufereji kuanzia mwanzo. Usimwombe nyumbani. Nyumbani amejijengea pango la «mmh» na humo humtoi. Mwombe pale, mbele ya watu, weye ukiwa umesema samahani kwanza, kwa sauti ileile uliyomgombeza nayo. Ulimkata hadharani, mrudishie hadharani.

Akikataa, akisema mama yenu amesema yote, usimsihi. Anza kusimulia weye mwenyewe, na uharibu makusudi. Sema alianguka mu mto Ruzizi. Sema suruali ilikuwa nyekundu. Sema alikuja kwa miguu, tena akiwa amechelewa. Mwalimu wa primaire anaweza kuvumilia njaa, lakini kosa likiandikwa ubaoni mbele yake hawezi kulipita. Kabla hujafika mlangoni kwa baba yako atakuwa amesimama.

Akisimama, weye keti. Mikono yako iweke juu ya magoti, usitafute cha kushika. Mwache aige sauti ya baba yako, hata kama baba yako hakuwa anasema vile. Akikosea mwaka, mwache. Akisema siku ile ulikuwa mzuri kuliko wasichana wote wa Sange, hapo hasa, mama, nakuomba, usimrekebishe.

Tantine Léa