Nukta Nyekundu Juu ya Biharamulo

Husby, 3 Agosti 2024

Kaka Evodius,

Habari za huko? Kifua kimepona? Nakutumia barua hii kwa simu, ya posta itachelewa. Sisi hatujambo. Mwanangu Rebecka anakusalimu, kwa Kiswidi.

Asubuhi nafanya usafi kwenye ofisi ya watu wanaotazama mioto ya dunia kwa setilaiti. Leo mmoja wao, Axel, aliniuliza kwetu ni wapi, akaisogeza ramani hadi Biharamulo. Kaka, nusura niangushe ndoo. Nukta nyekundu saba, na moshi umelala hadi ziwani. Ni kwenu? Mizinga yako ya nyuki je?

Dada yako,
Dativa

Biharamulo, 5 Agosti

Dada Dativa,

Tunamshukuru Mungu, ila kifua ndiyo hicho, moshi. Ni kwetu. Wifi yako Gaëlle na watoto nimewapeleka kwa kaka yake. Mizinga yote iko ng'ambo ya bonde, na huku chini sioni hata mkono wangu. Wewe uko Ulaya unatuona! Basi kuwa macho yangu. Moto ukizimika niambie, nikaokoe kilichobaki. Na huyo Axel mwambie atumwagie maji kutoka huko juu.

Kaka yako,
Evodius

Husby, 7 Agosti

Kaka,

Umeamkaje? Leo nimetazama mwenyewe, mara mbili. Hakuna hata nukta moja! Nenda, kaka. Uniwekee sega la pembeni, lile lenye nta nyingi, kama ulivyokuwa ukinipa tukitoka shule.

Dada yako,
Dativa

Biharamulo, 19 Agosti

Wifi,

Pole na wewe. Rambirambi zako zimefika. Tulimzika Jumamosi ile, tarehe kumi.

Watu wananiuliza kwa nini aliufuata moto ule ng'ambo ya bonde. Alipoondoka alisema, "Moto umekwisha, nina uhakika." Nani alimwambia? Kama unajua, niambie.

Wifi yako,
Gaëlle

Husby, 2 Septemba

Wifi Gaëlle,

Hali yako naogopa hata kuiuliza. Barua hii nimeianza mara nne.

Ni mimi niliyemwambia.

Siku ile bonde lilifunikwa na mawingu, na mawingu yakiwa mazito setilaiti haioni joto la chini yake. Axel alinieleza tangu siku ya kwanza, kwa Kiswidi. Nikaitikia "ja, ja" huku nakamua tambara, kama ninavyoitikia kila kitu hapa nisionekane mjinga. Baada ya msiba ndipo nilipomwomba anieleze tena, polepole. Tarehe nane mawingu yaliondoka. Nukta zilikuwa kumi na moja. Moja iko penye mizinga. Axel huniwekea picha ya Biharamulo kwenye skrini kila asubuhi kabla sijafika.

Sikuombi msamaha leo. Watoto usiwafiche, waambie ni shangazi yao. Ila waambie na hili: nilipokuwa na miaka sita nyuki walinivamia, baba yao akavua shati akanifunika. Aliumwa mara tisa, akawa anazihesabu kwa sauti ili nicheke.

Mkienda kupalilia kaburi, hata kama jina langu halitamkiki, nikumbukeni.

Dativa