Mama Mkwe Anataka Mstari wa Mbele

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapoteza kazi au ndoa, maana mimi ni mwalimu wa dansi katika studio iliyo juu ya jumba la sinema, na tangu mama mkwe wangu ajiunge na darasa langu la asubuhi sina raha, kwa sababu darasa likienda kulia yeye anakwenda kushoto, na wenzake nawakosoa waziwazi, nawashika mabega nawageuza, lakini yeye nitamshikaje mama aliyemzaa mume wangu, basi nikawa nampita tu nikisema, "Vizuri sana, mama," naye akaamini, akawatangazia majirani kwamba darasa zima ni yeye peke yake ambaye mwalimu hajawahi kumkosoa, na sasa tuna onyesho katika ukumbi wa maigizo wa hapo jirani, mkuu wa studio anasema likiharibika darasa langu linafungwa, na mama anataka mstari wa mbele, katikati, ameshaalika ukoo mzima, nami nimemwomba mume wangu amwambie ukweli akanijibu, "Hayo ya kwenu wanawake, msiniingize," na juzi tukivua viatu mama mwenyewe akaniuliza, "Mwanangu, wenzangu unawafokea kila siku, mimi mbona huniambii neno?" nikaona ananitambia, nikacheka tu. Nifanye nini?

Mkwe Mwenye Adabu

Mkwe Mwenye Adabu,

Pole, ingawa jina ulilojipa limenichekesha. Unamdanganya mama wa watu kila asubuhi mbele ya kioo cha ukuta mzima, halafu unaita hiyo adabu. Na bado unashangaa anataka mbele? Ningekuwa yeye ningedai na picha yangu mlangoni.

Mumeo mwache alivyo, kazi yake ni kupiga makofi.

Sasa lisome upya lile swali la mlipokuwa mnavua viatu. Mama hakuwa anatamba. Kioo anakiona kama unavyokiona wewe, na anajiona anavyokwenda peke yake. Alikuwa anakuomba umkosoe, nawe ukamcheka.

Kesho muziki ukianza, simama nyuma yake, mshike mabega, mgeuze, umwambie kama unavyowaambia wengine: "Siyo hivyo, mama. Rudia." Mstari atapewa kulingana na miguu yake, kama wenzake. Atanuna, pengine hata salamu atakubania. Vumilia. Mkwe anaye nyumbani, hakupanda ngazi zote zile kumfuata. Alikuja kutafuta mwalimu.