Soksi za Asa

Cutter Creek,
Wyoming.
19 Septemba, 1903.

Mpendwa kaka Linus,

Pokea salamu zangu tele kutoka huku, ambako baridi imebisha hodi kabla ya zamu yake. Je, hujambo? Wifi Hester na watoto hawajambo? Kifua chako kinaendeleaje na unyevu wa Oregon? Sisi tu wazima. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

Ng'ombe mwekundu amezaa mapacha. Mmoja hakuishi.

Sasa keti, kwa maana habari yenyewe ni ya kaka yetu Asa. Unaijua siri tuliyoibeba miaka ishirini na miwili. Walipomnyonga kwenye nguzo ya simu, tulimwambia Mama amezikwa, nawe ukachonga kibao ukakisimika juu ya udongo mtupu. Mama akawa anapeleka maua pale kila Jumapili. Kumbe Asa yuko dukani kwa Hadlock kinyozi, mifupa mitupu iliyofungwa kwa waya, na wateja wanamtundikia makoti mabegani. Kila tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, humvisha kofia na buti, wakampandisha farasi mbele ya gwaride, na watu wazima wenye akili zao wakamrushia maganda ya karanga.

Sisemi alikuwa malaika. Farasi wa watu aliiba, na gari la posta alilisimamisha kwa bunduki mara mbili. Lakini aliadhibiwa, na mtu huadhibiwa mara moja.

Mwezi wa Julai Mama aliniambia siku yake ikifika azikwe ubavuni mwa Asa. Ningemlazaje mama yangu kando ya kaburi lisilo na mtu?

Nikaenda kwa Hadlock. Hakuacha hata kunoa wembe.

"Dada Dorcas, huyu ndiye anayeniletea watu. Nikikupa, nitundike nini hapa, ufagio?"

"Ni ndugu yangu, Bwana Hadlock."

"Alikuwa ndugu yako. Sasa ni wa mji mzima."

Nilirudi nikilia njia nzima, na hilo nakwambia wewe tu. Alhamisi, tulipokutana wanawake kushona blanketi la viraka, nikawafungulia moyo. Bi Effie Stroble, yule ambaye Asa alimwibia farasi wawili, akakata uzi kwa meno.

"Farasi nilishamsamehe," akasema. "Mume wangu hanyolewi tena pale mpaka yule kijana ashushwe."

Na wenzake wote wakaapa hivyo hivyo kwa niaba ya waume zao. Linus, ungeuona mji huu baada ya wiki tatu. Mchungaji alihubiri na ndevu za beberu, na bwana harusi mmoja alikataliwa busu kanisani. Jumamosi Hadlock akaja mwenyewe na toroli, Asa amelazwa juu yake chini ya shuka la kunyolea, buti bado zimo miguuni.

Ikanibidi kumwambia Mama. Nilipokuwa natafuta maneno, akanyanyua mkono ninyamaze. Akapiga magoti, akapapasa mfupa wa paja la kushoto, pale ulipounga upande Asa alipoanguka garini utotoni na Mama akaufunga kwa kijiti cha gurudumu ili uunge.

"Nilimjua gwaride la kwanza kabisa, kwa hili paja," akasema. "Ulidhani kila mwaka naenda kutazama bendera?"

"Mama, mbona hukusema?"

"Mlihangaika sana kunificha, wewe na Linus. Ningewavunjaje moyo?"

Kaka, nami kila Julai nilikuwa najitia kuumwa kichwa ili asiende, naye akaenda peke yake.

Unajua wanavyosema huku, kwamba watu wa namna ya Asa hufa na buti miguuni. Mama alizivua zote mbili, akazitupa nje, akamvalisha soksi za sufu alizomfumia majira yale ya baridi aliyonyongwa. Tukamfunga kwa lile blanketi la viraka, na Jumatatu tukamzika chini ya kibao chako. Bado kinasomeka.

Nisalimie wifi Hester, mwanao Jubal, na mdogo wetu Almeda ukimwona. Mama anakubariki, na anasema njoo mwakani, tarehe nne Julai. Atakuwepo nyumbani.

Mungu akulinde hadi tutakapoonana.

Dada yako akupendaye daima,
Dorcas Kimbrell