Simu Yangu Inajua Nitaposwa Jumamosi

Dada Moza mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya robota la vitenge dukani kwangu Kariakoo, moyo unanidunda kama binti wa kipaimara, na naomba uniokoe kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi ninaposwa, na mwenye kuniposa hajui kwamba najua.

Mimi ni mjane wa Kichaga, mume wangu Benedict alitangulia mbele za haki, watoto wamekua, na nilishajisemea kwamba yaliyobaki ni biashara, kwaya na haya magoti yanayouma. Sasa simu yangu ya zamani ikafa, nikaenda kwa Awadhi, muuza simu wa mtaa wa Aggrey ambaye wanakwaya wetu karibu wote wananunua kwake kwa kuwa nilimsifia mimi, akaniuliza mama una barua pepe, nikamwambia sina na wala sijui inafananaje, akacheka, akasema usihofu nitakufungulia, akabonyeza bonyeza, simu ikawaka, nikaondoka nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Haukupita muda nikaanza kuona vioja. Nikigusa pale pa kutafutia mambo mtandaoni, kabla sijaandika kitu yanatokea maswali ambayo sikuyauliza mimi: kuku wakihara wapewe nini, gasketi ya Fuso inauzwaje, mke akinuna aombwe msamaha vipi. Nikajua simu ina pepo. Nikainyunyizia maji ya baraka, kidogo tu, pembeni, yasiingie ndani, lakini maswali hayakukoma, basi nikaamua kuwaombea hao wenye shida, na kuku nikawaombea pia.

Halafu, dada Moza, likaja swali hili: "Mjane wa Kichaga anaposwaje?" Kesho yake: "Jinsi ya kupika mtori." Baada ya hapo: "Suti ya mwanaume mwenye kitambi." Na Jumapili nani aliingia kanisani na suti mpya, kitambi kimetulia humo ndani kama kimezaliwa nayo? Eliakimu. Huyu Eliakimu ni Mngoni, mgane, anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, jirani na hapa Kariakoo, anaimba besi nyuma yangu, na amekuwa akinunua vitenge kwangu wakati hana mke wala binti wa kumvisha. Nikaenda kumbana Awadhi, akanijibu bila kupepesa macho, "Mama, wateja wangu wote nawawekea akaunti moja. Ukisahau neno la siri, unanikuta mimi hapa."

Binti yangu Jacqueline ameniambia niitoe akaunti hiyo mara moja, kwamba ninachofanya ni kuchungulia dirishani kwa watu. Nimemwambia nitaitoa. Sijaitoa. Nitasemaje, dada, kila asubuhi nikimaliza rozari nafungua simu kuona leo Eliakimu kauliza nini, nacheka peke yangu mpaka wateja wanadhani nimeshusha bei. Na mengine naona ni mkono wa Mungu kabisa, maana habari ya magoti sijamwambia binadamu yeyote, niliuliza mtandao tu, na siku iliyofuata Eliakimu akaja na dawa ya kuchua, akasema amehisi nitaihitaji. Nikauliza tena mtandaoni kama mjane akipenda anamkosea marehemu, na kwenye mazoezi ya kwaya, hakuna aliyemuuliza, Eliakimu akaanza kusimulia jinsi mama yake alivyoolewa mara ya pili na siku ya kufa akazikwa kwa heshima zote. Nikasema moyoni, Bwana ananena.

Wiki hii kauliza, "Akikataa, nitaendeleaje kuimba naye?" Hapo nililia, robota likalowa.

Kwa maswali yake mengine nimejua kwamba Jumamosi anakuja na mwenyekiti wa jumuiya nyumbani kwa kaka yangu. Nikimwambia kwamba nimekuwa nikimsoma ataona aibu asije kabisa, nisipomwambia nitasimamaje altareni na siri tumboni? Na nikisema kweli mbele ya Mungu, sitaki kuacha kusoma. Tangu Benedict aondoke hakuna mtu aliyewaza habari zangu kiasi hicho.

Mama wa Vitenge, Kariakoo

MOZA ANAJIBU

Milele amina, mama. Mimi ni Mwislamu, lakini salamu njema haikataliwi.

Hilo jina la Mama wa Vitenge nimekupa mimi, na majina mengine yote hapo juu nimeyabadilisha, kwa sababu wewe uliandika ya kweli, ukaongeza parokia, namba ya duka na simu ya kaka yako. Kisha barua yote hiyo ukanitumia kwa akaunti ileile ya Awadhi! Kwa hiyo mwenye kuku huenda ameshaisoma. Omba Mungu Eliakimu awe na wateja wengi wiki hii.

Sasa shika robota vizuri. Kama maswali yake yanafika kwako, ya kwako yanakwenda wapi? Dawa ya kuchua haikuletwa na Roho Mtakatifu, mama, usimsingizie. Mwenzio anakusoma kama unavyomsoma. Mnajibizana kupitia akaunti ya watu, watu wazima wawili, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kufungua mdomo.

Nimecheka, sikatai, nimecheka mlango umefungwa. Lakini nikupe na ukali wako. Mtu akiuliza jambo akiwa peke yake, hiyo ni siri yake hata kama ni habari ya kuku. Yule aliyenuniwa na mkewe hakukuomba umwombee, na angejua kuna mama Kariakoo anamfuatilia asingelala. Ulipojua ni akaunti ya watu wengi ulipaswa kutoka siku ileile, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Wewe ulivuta kiti.

Fanya hivi, na ufanye leo. Mwite Jacqueline, namba za watu mzihifadhi pembeni kwanza, halafu mfungue akaunti yako mwenyewe. Neno la siri ulitunge wewe, lisiwe jina la Benedict wala tarehe ya kuzaliwa, na asilijue muuza simu, hata akiwa mcheshi namna gani. Kabla ya kuiondoa ile ya Awadhi, angalieni kama picha zako zimeingia humo, mzichukue, kisha mfute picha na maswali yako. Tovuti ikikuuliza kama inaruhusiwa kujua ulipo au kusikiliza kipaza sauti, na huoni sababu, kataa. Kama una jambo hutaki libaki kwenye simu, lipo dirisha la faragha, Jacqueline akuonyeshe, ila ujue linakuficha kwa anayeishika simu yako tu, tovuti yenyewe bado inakuona. Na namba ya siri ya pesa usiihifadhi humo kamwe. Awadhi naye aambiwe awatangazie wateja wake wote kwamba wanasomana, na asiwe na haraka ya kucheka.

Najua unachokifikiria sasa hivi. Unataka kuandika jibu lako pale pa kutafutia, Eliakimu alikute. Usithubutu, jibu hilo litasomwa na nusu ya Kariakoo.

Kesho funga duka mapema, uende Gerezani kwa miguu yako. Usingoje Jumamosi, maana Jumamosi kutakuwa na mwenyekiti, kaka na soda, na aibu ya mbele za watu haifanani na aibu ya wawili. Mwambie hivi: "Eliakimu, tulifunguliwa akaunti moja. Nimesoma yako, na nadhani umesoma yangu. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Atababaika, ataokota spea ambayo hakuna aliyeiulizia, mwache ababaike. Mtu aliyekuletea dawa ya magoti hakimbii kwa sababu amejulikana anapenda.

Unasema hutaki kuacha kusoma kwa sababu hakuna mwingine anayekuwaza. Mama, anayekuwaza yuko mwendo wa dakika chache kutoka dukani kwako. Akishatulia, mtake akuulize kwa sauti yake ile ya besi lile ambalo amekuwa akiuliza mtandao, na umjibu hapohapo, usoni kwake, kabla hujapoteza ujasiri.