Gauni Refu la Kupandia Meli

Jumatatu, 9 Agosti 1976
Barua ya Fanuel imefika! Mume wangu amemaliza mafunzo Mombasa, sasa ni mhudumu wa mezani kwenye meli ya watalii. Wanaondoka Jumamosi tarehe 21. Kurudi ni baada ya miezi tisa.

Lakini Ijumaa jioni wake wa wafanyikazi wanaruhusiwa kupanda, na kula mezani kama abiria. Mara moja tu. Binti yetu Wakio alikuwa na mwezi mmoja baba yake alipoondoka. Sasa ana meno mawili. Lazima ayaone.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, imepigwa taipu. Ni sheria za nguo.

Jumanne, 10 Agosti
Nimeisoma karatasi na jirani yangu Saadiya, kwa sababu mimi niliishia standadi saba na maneno mengine ni marefu. Jioni wanaume koti na tai. Wanawake gauni refu mpaka kifundo cha mguu, viatu vya kufunika vidole. Haviruhusiwi chumba cha kulia: kaptula, slipasi, nguo za kuogelea, leso.

Saadiya akauliza hawa watu wakiwa katikati ya bahari nani anawaona, samaki? Na leso tunayojifunga kila siku imewakosea nini? Amekasirika kama ametukaniwa mama yake. Nikamwambia Fanuel ameandika hata wale Wazungu wanaopita hapa Voi na magoti mekundu, kule ndani wanafunga tai ndiyo wapewe supu. Tukacheka mpaka Wakio akaamka.

Alhamisi, 12 Agosti
Nina magauni matatu. Yote yanaishia magotini. Nimejaribu kulivuta lile la kijani — halivutiki. Gauni refu ninalolijua ni moja tu duniani, liko kwa mama yangu kule Werugha.

Jumamosi, 14 Agosti
Werugha. Ukungu mpaka saa tano. Mama amelitoa gauni sandukuni, linanuka sabuni na majani makavu. Mimi na dada zangu wawili tumeolewa nalo. Desemba ni zamu ya Mable, binamu yetu. Mama ameshindwa kuelewa kwa nini mtu avae la harusi kwenda kula. Nikamweleza habari za karatasi. Akalikunja vizuri, akanipa. “Vaa. Lakini mkasi usiliguse.”

Jumatatu, 16 Agosti
Shida! Nimelivaa, Wakio akaanza kulia anataka ziwa — na zipu iko mgongoni. Nikakimbia hivyo hivyo kwa Saadiya anifungue, nimeshika pindo mkononi, mtoto anapiga kelele. Watu wa kibanda cha chai njiani wakapiga makofi wakidhani kuna harusi.

Mumewe Saadiya ni Badawy, fundi wa cherehani pale barazani kwa duka la vitambaa. Amecheka kwanza. Akasema wazee wa meli walioandika sheria hawajawahi kunyonyesha. Halafu akafumua mshono wa mbele na kutia vifungo kumi na viwili, vidogo kama njegere. Mable akikaribia kuolewa ataurudisha mshono kama ulivyokuwa. Mkasi haukugusa kitu. Alitumia wembe. Mama hakusema lolote kuhusu wembe.

Jumatano, 18 Agosti
Natembea na gauni ndani ya nyumba nisije nikajikwaa. Kutoka jikoni mpaka kitandani ni hatua tisa, nimejikwaa mara mbili. Nimeweka utepe wa buluu kiunoni ili nisifanane na bibi harusi.

Usiku huu nimewaza kidogo. Fanuel sasa anaona wake za mabwana kila siku, wanajua kijiko gani ni cha nini. Akiniona pale mlangoni, uso wake utafanyaje? Nauogopa huo uso kuliko meli.

Ijumaa, 20 Agosti. Melini!
Naandika nikiwa kwenye kiti nje ya chumba cha kulia. Nje! Nieleze.

Nimefika kwa basi, nikabadilisha nguo kwa shangazi yake Fanuel. Ngazi za meli nimepanda bila kujikwaa hata mara moja. Mlangoni pa chumba cha kulia kuna mzee wa Mombasa, Rashid, kavaa glavu nyeupe. Akaangalia gauni — sawa. Akaangalia viatu — sawa, vile vya kanisani. Akasema karibu mama. Nikapita. Halafu nikamsikia nyuma yangu: “Mama, subiri. Hiyo leso.”

Leso gani? Mimi nimevaa gauni! Kumbe ile niliyombebea Wakio mgongoni. Saadiya alinipa mpya kabisa, nyekundu, ili baba mtu amwone binti yake amependeza. Sikuihesabu kuwa nguo. Nani huihesabu? Hiyo ni ya mtoto. Rashid akasema hata kwao leso ya mtoto si vazi, lakini karatasi haikutenganisha. Amekwenda kumwuliza mkubwa wake. Wake wengine wote wako ndani, nasikia vijiko.

Fanuel ametoka. Koti jeupe, tai nyeusi. Nilikuwa nauchungulia uso wake — hakuliangalia hata gauni! Alikwenda moja kwa moja kwa Wakio, akamtia kidole mdomoni, akaumwa. Akasema “Mawili!” kama yeye ndiye aliyeyaotesha. Nikamweleza habari za leso. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha meza kimepigwa pasi, cheupe pe. “Mbebe na hiki, Mama Wakio. Hiki hakimo kwenye karatasi yao.” Akakifunga yeye mwenyewe, fundo likakaa upande. Leso iko ndani ya kikapu.

Sasa nasikia viatu ngazini, vya watu wawili, bila shaka Rashid na mkubwa wake. Fanuel amekuja kusimama mbele ya kiti changu, amenyoosha tai yake. Mgongo wangu umepata joto ghafla. Wakio amekojoa. Kitambaa bado hakijaonyesha.