Nilimpa Mke Wangu Alama Kumi na Saba

Shangazi, shikamoo. Nimekuwa nikisoma safu yako kwa miaka mingi, zaidi kwa sababu iko nyuma ya ukurasa wa fumbo la maneno, na sikuwahi kudhani nitakuandikia, lakini sasa maji yamenifika shingoni na sina mwingine wa kumwambia, kwa kuwa kila ninayemwendea katika ukoo wetu ameshachukua upande, na kuchukua upande ndilo jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha jioni. Nafundisha itikadi za siasa za kisasa, yaani uliberali, ujamaa, uhafidhina, utaifa na nyinginezo, na wanafunzi wangu ni watu wazima, makarani, wauguzi, madereva, na kwa miaka kumi na miwili nimetumia kopo moja la biskuti lenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja kikiwa na msimamo fulani, na mtu akitia mkono akatoa kikaratasi lazima akitetee alichopata hata kama kinamchefua, tena akitetee kwa moyo wote, kisha darasa linapiga kura na mimi natoa alama. Hakuna mwanafunzi hata mmoja anayejua mimi napigia kura chama gani, na jambo hilo naona fahari nalo, au nilikuwa naona.

Mke wangu anafanya kazi kwenye bekari mitaa miwili kutoka kwetu. Kwa miaka ishirini na miwili amesimama kwenye meza ya kukata unga uliokandwa na kuutia kwenye vibati kabla haujaenda kwenye tanuri. Sasa mwenye bekari amezeeka na anataka kuiuza kwa kampuni yenye bekari nyingine tatu, lakini kwa kuwa ni muungwana aliwaambia wafanyakazi wake kumi na tisa kwamba wakikubaliana kwa kura kuiendesha wenyewe kama ushirika, atawaachia wao kwa masharti nafuu, na wazo hilo la ushirika lilikuwa la mke wangu, ameliongea miezi mitatu, akikunja nguo anaongea ushirika, akipiga mswaki anaongea ushirika, hadi siku moja akaniambia, "Baba watoto, wenzangu wanaliogopa hilo neno tu. Wewe ndiye msomi wetu. Njoo utueleweshe."

Nikaenda. Nikaenda na kopo.

Walikuwa wamekaa juu ya magunia ya unga baada ya zamu, nikawapitishia vikaratasi kumi na tisa, kumi na saba vitupu, kimoja kimeandikwa "tetea ushirika" na kimoja "tetea mnunuzi", na cha ushirika kikamwangukia fundi wa tanuri, wanayemwita Bwana Moto, ambaye ni mtu mwema lakini maneno yake kwa siku hayazidi kumi, na kile cha mnunuzi akakitoa mke wangu. Akakisoma, akaniangalia, akasema, "Baba watoto, naomba nikirudishe." Nikamwambia sheria ni sheria.

Shangazi, mke wangu ni mtu mkweli, akipewa kazi anaifanya. Bwana Moto alisimama akasema ushirika ni mzuri, akakaa. Mke wangu akasimama akauliza, kila mtu akiwa bosi, trei ataosha nani? Mashine ya kukandia ikikatika mkanda, fundi ataitwa na nani, kikao au mtu? Akasema kampuni ina vipuri na ina likizo ya ugonjwa, kisha akashika kiuno akasema, "Na mgongo huu, miaka ishirini na miwili ya kusimama, wenzangu, nani kati yenu ataukumbuka?" Mama mmoja wa kufunga mikate akalia. Tukapiga kura, nikazihesabu mara tatu kwa kuwa mimi ni mtu makini, na mara zote tatu kampuni ilipata kumi na moja na ushirika nane, na mojawapo ya hizo nane ilikuwa ya mke wangu. Nami, kwa mazoea, nikamtangazia alama mbele ya wote, kumi na saba kati ya ishirini. Akauliza, "Tatu zimekwenda wapi?" Nikamweleza kwamba katika hitimisho hakuonyesha msimamo wake binafsi.

Tangu siku hiyo nyumbani hakuna ugomvi, na hilo ndilo linalonitisha. Kila ninachomuuliza ananijibu kwa pande zote. Nikiuliza majani ya chai yako wapi, anasema wapo wanaosema yako kabatini na wapo wanaosema yameisha. Juzi nikajikaza nikamuuliza kama bado ananipenda, akaniambia swali hilo lina mitazamo miwili, akanieleza yote miwili bila kupendelea, na ule wa pili, Shangazi, ulikuwa na nguvu zaidi. Amehamia chumba cha binti yetu aliyeolewa.

Mwenye bekari hajatia saini. Bwana Moto alimwendea akamwambia ile kura ilikuwa mchezo wa darasani, kwa hiyo kutakuwa na kura ya mwisho Alhamisi, na wamenialika tena. Mke wangu anasema, "Njoo ukitaka, lakini uje na mdomo wako, hilo kopo liache." Je, niende? Nikisema ninachofikiri, nitakuwa nimevunja mwiko wa kazi yangu, na nimesoma habari za vyama vya ushirika vingi vilivyokufa, nisingependa hiki kikifa watu wakumbuke kwamba ni mimi niliyewatia moyo. Nisipokwenda, sijui nitakunywa chai na nani uzeeni. Naomba ushauri wako, na kama inawezekana nipe hoja za kila upande.

Ni mimi, Mwalimu wa Pande Zote

Shangazi anajibu:

Marahaba, Mwalimu. Mhariri amekubali tuitangulize barua yako ili ulisome jibu kabla ya Alhamisi. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimekaa na mara ya pili nikiwa nimesimama, na hoja za kila upande sikupi. Umeshiba hizo.

Kwanza pole, kwa sababu naona unaumia kweli. Mwanamume anayemuuliza mkewe kama bado anapendwa, tena akiwa ameoza binti, hajafa moyo. Pole yangu inaishia hapo.

Kopo lako sina ugomvi nalo. Watu wazima wanaojilazimisha kuisikia hoja ya wasiyempenda mpaka mwisho ni wachache, na ukiwafundisha makarani na madereva kufanya hivyo, umefanya kazi ya maana. Lakini darasani kwako kengele ikilia, kila mtu anakwenda nyumbani na hakuna kilichobadilika. Pale bekari kengele haikulia. Wale watu kumi na tisa walikuwa wanaamua kazi yao, wewe ukawafanyisha jaribio.

Tena mkeo alikuomba mbele ya wenzake akirudishe kile kikaratasi. Mwalimu mzima, msomi wa ukoo, hukuona kwamba aliyekuwa anaomba hakuwa mwanafunzi? Ulimfunga mdomo kuhusu jambo aliloliongea miezi mitatu, akaitii sheria yako kuliko unavyostahili, kisha ukamkata alama tatu kwa kutosema kile ulichomkataza kusema. Na zile kumi na saba zilikuwa kilemba cha ukoka. Mimi ningehama nyumba, siyo chumba.

Sasa nikuambie nilichokiona kwenye barua yako ambacho wewe hukukiona. Ulihesabu kura mara tatu. Usiniletee habari za umakini. Mtu asiye na upande anahesabu mara moja, anatangaza, anavaa viatu anakwenda zake. Wewe ulirudia kwa sababu ulitaka zitoke tofauti. Msimamo unao, Mwalimu, unao tangu siku ile ya magunia. Unachokosa ni ujasiri wa kulaumiwa, na umeupaka rangi miaka kumi na miwili ukauita mwiko wa kazi.

Unasema umesoma habari za ushirika uliokufa. Vizuri, hiyo ndiyo elimu wanayoihitaji. Kutathmini itikadi si kuuma na kupuliza mpaka kila upande uwe umepata chake. Ni kuuliza, jambo hili likiingia humu ndani, trei ataosha nani, na mgongo wa nani utaumia. Na nani aliyeuliza hivyo pale bekari? Mkeo, tena akitetea upande asioutaka. Katika chumba kile kulikuwa na mtaalamu mmoja wa fani yako, na hakuwa wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Alhamisi uende, mikono mitupu. Mwombe mwenyekiti wa kikao dakika tano, mwanzoni, kabla ya mtu mwingine. Useme mbele ya watu wale wale kwamba zile alama unazifuta, kwamba hukuwa na haki ya kuzitoa, na kwamba mkeo siku ile alisema kwa amri yako. Kisha useme wewe ungechagua nini ungekuwa mfanyakazi wa pale, na useme pia unachokiogopa katika hicho ulichochagua, usiwafiche vile vyama vilivyokufa wala vilikufa kwa nini. Halafu ukae, umwachie mkeo. Maswali aliyoyauliza yeye mwenyewe ndiyo anayopaswa kuyajibu sasa, na nina hakika ameshayafanyia kazi, zamu ya trei, mtu mmoja wa kuitwa mashine ikiharibika, na kiti kirefu kwenye ile meza yake. Wewe huna kura pale. Wakichagua kampuni tena, watakuwa wamechagua wao, na mkeo atajua walimsikia.

Na ukiona ushirika umeanzishwa na ukafa, watakulaumu. Ndiyo. Utalaumiwa pamoja na mkeo, mezani kwenu, mkinywa chai.

Lakini usingoje Alhamisi kumwambia yeye. Leo hii akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, mwambie kwa sentensi moja ungepiga kura gani. Usianze na "kwa upande mmoja". Usimuulize yeye anaonaje. Ukimaliza, unyamaze. Naye akinyamaza usihangaike, ujue anasahihisha. Vuta kiti, ukae, ungoje alama zako.