Jezi Namba Moja Bado Ipo

S.L.P. 47,
Bariadi.
15 Agosti 1996

Mpendwa kaka Kristofa,

Mwangaluka. Naandika asubuhi, barua ikikukuta jioni huko Songea, ifanye mwadila. Habari za afya, shemeji na watoto? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepona? Sisi huku tu wazima. Mke wangu Nyanjige anakohoa kidogo kwa vumbi la malori ya pamba, lakini anakula.

Leo ni Kupalizwa Bikira Maria, kibanda nimekifunga, ndiyo maana nimepata nafasi.

Kubwa la kukueleza: Marobota imeingia nane bora ya mkoa. Soma tena kama huamini. Timu ile ile uliyoidakia miaka kumi na moja bila kuvuka makundi. Kiwanda cha pamba kilichotupa jina kimefungwa, wanunuzi binafsi wanapita na mizani yao, hakuna wa kutununulia hata mpira, na ndio mwaka tumepita. Netiboli nao wamepita. Binamu yetu Felisita kafunga mabao kumi na tisa kati ya thelathini na moja.

Jezi tulizipata kwenye robota la mitumba la Gharib, pale sokoni. Zamani marobota yalitoka Bariadi, siku hizi yanaingia. Zote za njano, ila namba tisa zilikuwa tatu. Refa akauliza, "Sasa kadi nimpe tisa yupi?" Nikanunua rangi, moja nikaigeuza nane, nyingine nikaipachika moja mbele ikawa kumi na tisa.

Jumapili tulimaliza na Sola. Wakasawazisha dakika ya themanini na nane, ikawa bao moja kwa moja. Tumelingana pointi nne na Mwanhuzi, na Mwanhuzi walitufunga mechi ya kwanza, basi kila mtu akajua tumetoka. Mashabiki wao walikuwa wamekuja na lori kutuangalia tu. Wakatupita wakiimba, "Robota halidundi."

Mimi nilikuwa na kanuni za mashindano mfukoni. Nilizinakili kwa mkono nikiwa katibu, kabla kamati haijanitoa Januari kwa kusema muuza spoku za baiskeli hawezi kuongoza wasomi. Nyavu za magoli yote mawili zimetoka kwa huyo muuza spoku, lakini hilo hawalisemi. Kanuni ya kumi na nne: pointi zikilingana, tofauti ya mabao, nayo ikilingana, aliyefunga mengi. Wao wamefunga mawili, wamefungwa mawili. Sisi manne kwa manne.

Nikamwambia mwenyekiti, Paschal, "Tumepita."

Akanitazama kama mgonjwa wa malaria. "Shija, mpira si tairi la baiskeli. Nenda kapumzike."

Watu wakarudi makwao kama wametoka kuzika. Aliyejua tumepita ni mimi peke yangu, na sikuwa na wa kumwambia akaamini.

Barua ya mkoa ikafika Jumanne. Ndipo soko zima likafunga, ngoma zikatoka, na Paschal huyo kibandani kwangu: "Mzee wa spoku, ulijuaje?"

"Nilisoma."

Wakanibeba mabegani. Kaka, sikuhisi kitu. Ganzi, kama mguu ulioukalia. Miaka yote nilidhani siku hii ikija nitalia. Nilikaa huko juu nikihesabu vichwa, namtafuta mmoja.

Sasa niliseme, sitalirudia. Tangu kiwanda kikupunguze mwaka 1994 hujakanyaga hapa. Mama tulimzika Machi mwaka jana bila wewe. Telegramu ilikufika, najua. Nilikuwa na hasira. Nayo imekufa ganzi.

Kwenye mzigo wa Gharib hapakuwa na jezi ya kipa. Nyanjige akafungua sanduku la mama. Jezi yako ya kijani, namba moja, ilikuwemo, imefuliwa na kukunjwa. Ule mkono uliochanika mechi yako ya mwisho, ukaivua ukaitupa, umetiwa kiraka. Mama aliiokota, akaishona, akakungojea. Sasa anaivaa Masalu, kipa wetu. Nimemwambia ni ya kuazima, mwenyewe yupo.

Tunacheza Shinyanga mjini, Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa kumi. Ukitoka Jumanne ya tarehe kumi, hata basi likiharibika mara mbili utafika. Nitakuwa nyuma ya goli la Masalu; kipindi cha pili nitahama naye. Habari ya mazishi sitakuuliza. Tazama kile kiraka tu, itatosha.

Baba mdogo Mahona anakusalimu, anauliza kama bado unavuta ugoro. Felisita anakusalimu. Nyanjige amekutilia matobolwa kwenye kifurushi. Usiwape watoto yote, viazi vyetu hivi vya kukausha huko hakuna. Mungu akunyooshee njia ya kuja, na mama akuombee huko aliko.

Wako akupendaye, japo kwa shida,
mdogo wako,
Shija